Aliyenigusa Baada ya Radi

Watu wanaosikia habari zangu huniuliza kwanza swali moja: radi ikikupiga, unasikia nini? Wengi huvunjika moyo nikiwajibu, kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka karanga. Nakumbuka udongo ulioshika kwenye vidole vyangu, matone makubwa ya mvua yakianza kuanguka moja moja, na sauti ya mama mkwe akituita tumsaidie kufunika mavuno kwa bashi, lile turubai ambalo karibu kila nyumba ya huku ina kipande chake. Kinachofuata ni dari ya hospitali ya Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na mjusi aliyetulia pale juu, kichwa chini, ananitazama. Yaliyotokea katikati nimesimuliwa na wengine, kipande kwa kipande, na kuna kipande kimoja ambacho nusura kivunje nyumba yetu.

Naitwa Sifa. Nashona nguo, na cherehani yangu iko barazani. Mume wangu, Wilondja, ni motari: hubeba abiria na mizigo kwa pikipiki kati ya Baraka na machimbo ya Misisi, na wakati wa mvua hurudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi. Tuna watoto wawili, Neema na mdogo wake. Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyepigwa akabaki, na kwa ajili ya wanaomuuguza, maana nilipokuwa kitandani sikujua kama kuna mtu mwingine aliyepigwa na radi akaendelea kuishi, kupika, na kugombana na mume wake.

Kila mwaka karanga zikikomaa mimi hupanda Lubondja, kijijini upande wa milimani, kumsaidia mama mkwe kung'oa. Anaitwa Mama Jozefina. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika kabla yake, na anapenda karanga zake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Ni yeye pia ambaye kina mama wa pale humkimbilia uchungu wa kuzaa ukiwashika kabla hawajafika kituo cha afya. Tangu nilipoolewa ananiita mukamwana, neno letu la mke wa mtoto, na akilitamka hulivuta kidogo, kama mtu anayetaja kitu chake mwenyewe.

Siku ile tulikuwa watatu shambani: yeye, mimi, na jirani yake Mama Tabu. Ngurumo ilianza mbali, upande wa milima, tulipokuwa tunakula mihogo ya mchana. Tuliisikia vizuri, na hatukuijali. Tulisema bado iko mbali, tumalize mistari iliyobaki. Pale shambani hakuna nyumba. Kuna mchikichi mmoja mrefu uliosimama peke yake mpakani. Mvua iliposhuka kwa nguvu nilikimbilia chini ya mchikichi huo, jembe begani. Mama Tabu alikuwa ananifuata. Mama Jozefina alikataa kuacha karanga.

"Mukuye munisaidie!" alikuwa anapiga kelele. "Karanga inalowana, na ninyi munakimbia kama batoto ba masomo!"

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inakatika.

*

Niliamka sisikii. Sikio la kushoto lilikuwa kimya kabisa, la kulia lilikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Midomo ya watu ilikuwa inacheza mbele yangu bila maneno. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Niliiona iko pale chini ya kitenge, miguu yangu mwenyewe, baridi na mizito, kama mizigo ambayo mtu mwingine ameiacha kitandani kwangu.

Enfirmye, muuguzi kijana, mpole, mwenye miwani, aliinama kwenye sikio langu la kulia akasema polepole: "Mama, usiogope. Miguu itarudia." Na kweli ilirudi. Kabla ya jua kuzama nilianza kusikia vidole vikichomachoma, na kesho yake nilisimama nikishikwa huku na huku. Kama imekutokea, jua hilo: ile ganzi ya kwanza yaweza kuachia haraka kuliko unavyodhani. Nililia sana kwa ajili ya miguu yangu, na haikuwa lazima.

Mambo mengine ndiyo yalichelewa. Shingoni, mahali ambapo mkufu wangu ulikuwa, palibaki kidonda cha kuungua kilichozunguka kama mkufu wenyewe. Kwenye bega na mgongo kulikuwa na alama nyekundu zilizotawanyika kama matawi ya jani la kangaga, nzuri kabisa ukizitazama bila kujua zimetoka wapi. Enfirmye alisema zitaisha zenyewe, na kabla hata sijazoea kuziona zilikuwa zimefutika. Lakini watu waliokuja kunitazama siku ya kwanza walikuwa wameziona, na kila mmoja alitoka na maana yake.

Katika siku hizo, sura niliyoiona kila nilipofumbua macho ilikuwa ya Mama Jozefina. Alikaa chini kando ya kitanda kwenye kipande cha mkeka, nguo zake bado zina udongo wa shamba. Alinilisha uji kwa kijiko. Alinisafisha bila kuniacha nione aibu, akisema na mwili wangu kama anavyosema na watoto wachanga: sasa huu mukono, sasa hii mugongo. Sikuwa nasikia yote. Nilikuwa nasikia mkono wake.

Kaka yangu mkubwa, Alimasi, naye alikuwa anakuja kila siku. Ni mvuvi, alikuwa anapanda kutoka ufukweni na ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, waliofungwa kwenye jani, anawaacha kwa wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya hospitali, kisha anasimama mlangoni. Hakuwa anaingia. Nilidhani anaogopa hospitali, kama wanaume wengi. Sasa najua alikuwa hataki kukaa chumba kimoja na mama mkwe wangu.

Asubuhi moja nilifumbua macho nikakuta mkeka umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Wilondja, aliyekuwa ameacha abiria wake Misisi akaja na pikipiki bila kupumzika, ndiye alikuwa amekaa pale, ameshika kikombe cha uji kama hajui kinashikwaje.

"Mama iko fasi gani?" nilimuuliza. Maneno yangu siku zile yalikuwa yanatoka kwa kujikwaa. Ulimi ulikuwa unakawia kufika.

"Alichoka," alinijibu kwenye sikio. "Alienda kupumzika."

Niliamini. Mama mzee, amelala chini kwenye sakafu, kwa nini asichoke?

*

Majuma ya kubadilisha bandeji yalinizoesha benchi ndefu ya nje ya hospitali, chini ya paa la mabati. Tulikuwa tunakaa pale tangu asubuhi kusubiri kuitwa: mwenye mguu uliovunjika, mwenye mtoto wa malaria, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa anaoshwa kidonda cha sukari. Habari yangu ilikuwa imenitangulia. Kuna mama mmoja aliyenyanyuka nilipokaa karibu naye, akaenda kusimama juani. Nadhani aliona radi bado iko ndani yangu, kwamba nguo zetu zikigusana itamhamia. Yule mzee aliona. Alisogea akakaa pale pale penye nafasi, bega lake likaegemea langu, akaanza kunieleza habari za mbuzi wake. Nusu ya maneno yake sikuyapata. Namuombea heri mpaka leo.

Nyumbani, mwili wangu ulikuwa umegeuka mgeni. Nilikuwa nachoka kwa kufagia baraza. Kichwa kilikuwa kinauma mtu akiangusha sufuria. Nilisahau majina ya vitu nilivyoshika kila siku. Nilimwambia Neema aniletee "kile cha kukatia," akaniletea kisu, kumbe nilikuwa nataka makasi. Na mikono ilikuwa inatetemeka. Niliketi mbele ya cherehani nikajaribu kutia uzi kwenye sindano, nikajaribu tena, nikajaribu tena, kisha nikafunika cherehani kwa kitenge na kuingia ndani. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao wakiwa na adabu sana, na adabu yao iliniuma.

Nilikuwa mkali pia. Nilimgombeza Wilondja kwa sababu pikipiki inapiga kelele, kwa sababu bukari, ugali wetu, haikuiva, kwa sababu ananitazama. Alikuwa amejifunza kuzima pikipiki mbali kidogo na kuisukuma mpaka mlangoni. Sikumshukuru wakati ule, kwa hiyo acha nimshukuru hapa.

Kila jambo lilinifanya nimtake Mama Jozefina, naye hakuja. Nilimuuliza Wilondja tena. Akasema amerudi Lubondja kuangalia karanga. Siku nyingine akasema amekwenda kwa mdogo wake Kazimia, kusini, kule meli ndogo zinakopakia samaki. Mtu mmoja hawezi kuwa Lubondja na Kazimia.

Ni Neema aliyeniambia. Alikuwa ananichana nywele, zile za upande wa kushoto zilizokuwa zimeungua na kuanza kuota upya, nikasema tu, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba koko yake ametusahau. Watoto wetu humwita nyanya yao koko.

"Koko hakutusahau," alisema Neema. "Balimufukuza. Mujomba Alimasi alisema ni mulozi. Alisema njo yeye alituma ile radi."

Kitana kiliendelea kupita kwenye nywele zangu. Nilimwomba arudie, nikidhani sikio limenidanganya. Alirudia, na akaongeza kwamba watu wamesema koko hakuwa chini ya mti pamoja na sisi, alikaa mbali akiita, na kwamba baada ya radi alinipuliza kitu mdomoni.

*

Wilondja aliporudi nilikuwa nimekaa mlangoni.

"We ulimufukuza mama yako?" nilimwambia.

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, kofia ya pikipiki magotini. Alikuwa na mchanga wa safari kwenye ndevu.

"Mi nilimuficha," alisema. "Habari ilifika mbele yangu. Vijana ba hapa walishaanza kusema. We unajua ginsi banafanyaka bamama bazee kama neno ile inaanguka juu yao. Ungetaka nifanye nini? Ningemwacha alale pale chini ya kitanda chako mpaka bakuye na mafuta na kiberiti?"

"Ungesema kama si kweli."

"Nilisema. Nani alinisikia? Mi ni mutoto wake."

Alikuwa amempakia mwenyewe kwenye boti la kwenda Kazimia, mapema, kabla ufukwe haujajaa watu. Mama yake hakubishana. Aliuliza tu nani atanibadilishia nguo. Wilondja aliponieleza hilo uso wake uliharibika, nikasogea nikakaa karibu naye katika vumbi. Tangu nipigwe, nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilimtazama yeye, si maumivu yangu.

"Na we," nilimuuliza, "unaamini?"

Alikawia kujibu, na kwa sababu alikawia najua alinijibu kweli. "Kuna siku nilijiuliza," alisema. "Halafu nilikumbuka ni nani alinizaa."

Mwanzoni nilitaka kwenda ufukweni nikamtukane Alimasi mbele ya wavuvi wenzake. Lakini namjua kaka yangu. Mama yetu alipokuwa anakufa alinikabidhi kwake, mimi nikiwa msichana mdogo, na tangu siku hiyo akiona kitu kinanikaribia hukitupia jiwe kabla hajakiangalia. Kumtukana kungemfanya ashikilie zaidi. Nilihitaji mtu aliyekuwepo.

Mama Tabu huteremka Baraka kuuza unga na karanga. Nilituma neno sokoni, na siku aliyokuja tukawaita Alimasi na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia yetu hapa. Walikuja alasiri, wakakaa barazani, kwenye viti vya wateja wangu. Wilondja alisimama ukutani. Mama Tabu alikaa kwenye ukingo wa mkeka, mikono ameificha ndani ya kitenge. Hofu yake niliiona.

"Mama Tabu," nilisema polepole, maana nikiharakisha maneno yananikimbia, "mi sikumbuki kitu. Unielezee ile siku, kila kitu ginsi ilifuatana. Usiache kitu."

Aliwatazama wanaume, akanitazama mimi.

"Ulifika chini ya mti mbele yangu," alianza. "Nikaona mwangaza mweupe, nikaanguka. Sikusikia hata mulio. Niliamka, nikakuona we unalala, kitambaa cha kichwa kimetupwa mbali, nguo imepasuka. Ulikuwa umekufa, Mama Neema. Mi nilishaka kuona bantu benye kufa. Ulikuwa vile."

"Ulinigusa?"

"Hapana. Kwetu tunasemaka muntu mwenye kupigwa na radi hagusiwe. Nilikimbia. Nilimwambia Mama Jozefina, usimuguse, utakufa na we. Alinisukuma. Nilianguka mara ya pili siku ile, na ile mara ya pili ni yeye aliniangusha." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Akakuvuta toka chini ya mti na miguu. Akakufungua mudomo. Akaanza kukupuliza. Ni vile anafanyaka na batoto benye kuzaliwa bila kulia. Anapuliza, anakukandamiza kifua, anapuliza. Mvua ilikuwa inatupiga bote. Mi nilikuwa nalia mbali. Halafu ukakohoa."

Baba mdogo alikuwa ameweka kidole kwenye midomo. Alimasi alikuwa anatazama sakafu.

"Yaya," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "mbele ya kunipuliza, nilikuwa namna gani?"

Alisugua sakafu kwa kidole cha mguu.

"Umesikia Mama Tabu. Nilikuwa namna gani?"

"Umekufa," alisema.

"Na kisha kunipuliza?"

Nilingoja. Kwenye nyumba za jirani watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, nikawasikia, na hata kusikia kwenyewe kulinifurahisha.

"Ulikohoa," alisema Alimasi.

"Basi hiyo kitu alinipuliza, njo hii ninapumua mpaka leo. Kama unaikataa, uitoe."

Alimasi alifunika uso kwa mikono yote miwili. Ni mtu mkubwa, mabega ya kuvuta nyavu, na mabega yale yalikuwa yanacheza. "Ningemwambia nini mama yetu?" alisema ndani ya mikono. "Unalala pale kama gogo, mi ningemwambia nini?"

Baba mdogo alisimama. Hakutoa hotuba. Alisema hakuna mtu wa familia yetu atakayelirudia neno lile, na kwamba yeye mwenyewe atapita kwa vijana waliolibeba. Kwa Mama Tabu alisema, "Mama, aksanti kwa kusema." Mama Tabu akaanza kulia, akisema yeye alisimulia tu sokoni yale aliyoyaona, ni wengine walioyapindua. Nilimwamini.

*

Alimasi hakusema amekosea. Alisema ana samaki wa kuchukua Kazimia.

Alikwenda na boti lake. Yaliyotokea huko nimeyasikia mara mbili, kwake na kwa mama mkwe, na masimulizi yao hayafanani sana. Wanakubaliana kwamba alimkuta kwa mdogo wake anaanika samaki, na kwamba alisimama mbele ya tanda la kuanikia mpaka Mama Jozefina akamwambia, "Kama umekuya kuniua, kwanza unisaidie kugeuza hizi." Akageuza samaki. Wakamaliza tanda zima.

Walipotaka kuondoka, mama mkwe alisimama ufukweni akatazama ziwa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya mbali, upande wa Tanzania. Alimasi akasema ni kitu kidogo, watafika kabla yake. Mama Jozefina akaketi juu ya mzigo wake.

"Mi siingii," alisema. "Na we huingii. Juu ya maji hakuna kitu kirefu kushinda kichwa chako."

Walibishana. Wavuvi wengine walicheka. Mwishowe Alimasi alivuta boti akaingia naye kwenye jengo la matofali la kupokelea samaki, na haukupita muda ziwa likawa jeusi na radi zikaanza kushuka majini. Waliomcheka yule bibi wakaingia mmoja mmoja, wamelowa. Mvua iliwazuia pale mpaka kesho yake. Sijui walizungumza nini. Hapo ndipo kila mmoja wao ananyamaza. Lakini waliporudi, Alimasi alikuwa amembebea mzigo kichwani, jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya kwa mtu yeyote, hata mke wake.

Mama Jozefina aliingia uani bila hodi. Hakunisalimu. Alinigeuza, akashusha ukosi wa nguo yangu, akatazama kovu la shingoni.

"Nani alikuwa anakupakalia mafuta hapa?" aliuliza. "Wilondja? Mukamwana, ile ngozi inakauka kama ya mamba."

Nikamkumbatia. Alinuka moshi wa samaki. Alijifanya anajitoa mikononi mwangu, lakini hakujitoa.

*

Kiangazi kilinisaidia. Miezi ile hakuna ngurumo, na mtu anaweza kulala bila kusikiliza mbingu. Vidonge vya kichwa nilipunguziwa, kisha nikaacha. Mlio wa sikio la kulia ulififia; la kushoto limebaki na kazi ndogo tu, na nimezoea kumkalisha mteja upande wangu wa kulia. Mikono ilirudi taratibu. Nilianza na mapindo ya mashuka, nikafika kwenye sare za shule, na sasa nashona magauni ya harusi, ingawa nikichoka sindano huniambia kabla mwili haujaniambia. Bado nasahau majina ya vitu. Neema huona raha ya kunisaidia. Kwa hiyo kama umepigwa, na miezi mitatu imepita, na bado unajiona mjinga na mchovu na mwenye hasira, hujaharibika. Unakawia tu.

Yale mengine ninayoyajua si mengi, ila nayasema kwa kila anayekuja kupima nguo. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, hiyo ndiyo saa ya kuondoka shambani au majini, si baada ya mistari iliyobaki. Usikimbilie mti. Ingia nyumba imara, ya matofali ukiipata, kanisa au shule, ukae katikati, mbali na mlango na dirisha. Ngurumo ikinyamaza, usitoke upesi. Pika bukari, pika na mboga yake, mle mshibe, ndipo mtoke. Na mtu akipigwa, mguse. Ngurumo isipowaacha, mvute kwanza mahali penye usalama. Mwili wake haubaki na radi, hautakufanya kitu. Kama hapumui, mpulizie na umkandamize kifua, usikate tamaa haraka, na umfikishe hospitali hata akiamka na kuanza kusema. Mimi nilikuwa maiti machoni pa watu wazima wenye akili zao.

Mvua ziliporudi nilidhani nimepona woga pia. Sikuwa nimepona. Ngurumo ya kwanza ya msimu ilinikuta barazani ninapima kitambaa, nikaachia makasi, nikaingia ndani nikakaa chini katikati ya chumba na watoto, mwili unatetemeka hata meno. Mama Jozefina, ambaye alikuwa amekataa kurudi Lubondja kabla hajaniona nimevuka mvua za kwanza, alikuwa chumba cha nyuma anachambua sombe, majani ya muhogo. Wilondja alikuwa amesimamisha safari njiani. Alikuwa amenipigia simu kuniambia.

Mlango ulisukumwa kwa nguvu. Alikuwa Alimasi, amekimbia kutoka ufukweni, maji yanamtiririka, hana hata pumzi. Aliangaza macho chumbani. Aliniona mimi pale chini, mdogo wake, ninatetemeka, nikadhani ataniinamia. Akanipita.

"Mama iko wapi?" alisema. "Mama Jozefina! Iko ndani? Alitoka?"

"Niko hapa," sauti ilimjibu kutoka nyuma, ile sauti yake inayofika kabla yake. "Funga mulango, Alimasi. Unatuingizia mvua."